Kazi ya Mama: Ni nani anashuhudia jina lenu kwenye intaneti?



Juma hili tunajibu barua yenye ilitufikia kutoka kwa kikundi kimoja cha wamama washonaji. Wako 31. Wanashona mifuko, kofia na vitambaa vya meza kwa kutumia vikwembe, na kila juma kila mama anaweka 2000 franka ndani ya kisanduku. Mwaka uliopita walitengenezewa tovuti. Picha ni nzuri, bei zimeandikwa, namba ya simu iko. Lakini mutu akiandika katika Google kwamba anatafuta mifuko ya kikwembe ya Bukavu, hata akiandika kwa Kifaransa, anaonyeshwa wauzaji wa Paris na Brussels, na wao hapana. "Hata kwenye ukurasa wa tatu hatuko," wameandika. Sasa kijana mumoja amekuja na dawa: apewe dola 200, na kwa mwezi mumoja atawatafutia viungo 5000 vyenye vitapandisha tovuti yao mupaka juu kabisa.

Komite yao itakutana siku ya posho. Feza yenye iko ndani ya kisanduku ni ile ya musaada: ya mama mwenye amejifungua, ya kilio, ya mutoto mwenye kupelekwa hospitali usiku. Wanatuuliza: tutoe ao tusitoe?

Musitoe. Tunasema hivyo tangu mwanzo ili mama prezidenti na mutunza-feza wasisome mupaka chini wakiwa na wasiwasi. Lakini kusema "musitoe" peke yake haitoshi, kwa sababu huyo kijana hajasema uongo wote. Ni kweli kwamba viungo vinapandisha tovuti. Ndiyo maana maneno yake yanaingia vizuri masikioni. Inafaa tujue kweli inaishia wapi.

Kwanza, kiungo ni nini? Hapa hatuzungumuzi juu ya viungo vya mwili vyenye vinatuuma kisha kupanda Kadutu na furushi kichwani, wala viungo vya supu. Kwenye intaneti, kiungo ni maneno yenye ukiyagusa kwa kidole yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Vijana wanaita liyen. Kama shule fulani iko na tovuti, na mule imeandika kwamba nguo za wanafunzi zinashonwa na kikundi chenu, na mutu akigusa jina la kikundi anafika kwenye tovuti yenu, basi shule imewapatia kiungo kimoja chenye kuingia. Hicho chenye kuingia ndicho kina uzito. Vile vyenye ninyi wenyewe munaweka ndani ya kurasa zenu vinamusaidia musomaji atembee vizuri, lakini havishuhudii kitu. Mutu hajishuhudii mwenyewe.

Sasa Google inahesabu namna gani? Zamani kidogo, katika miaka ya 1990, vyombo vya kutafuta habari kwenye intaneti viliangalia zaidi maneno yenye kuandikwa kwenye ukurasa. Ukitafuta "sabuni", vinakuletea kurasa zenye kutaja sabuni mara nyingi. Wajanja waligundua haraka. Waliandika neno lile lile mara mia, kwa wino mweupe juu ya karatasi nyeupe, ili msomaji asione lakini mashini ione. Ukurasa wa bure kabisa ukawa wa kwanza.

Vijana wawili wa chuo kikuu cha Stanford, kule California, Larry Page na Sergey Brin, walianza mwaka wa 1996 kujaribu njia ingine. Waliacha kuuliza ukurasa unajisemea nini. Waliuliza: ni kurasa gani zingine zinautaja? Hilo wazo hawakulitoa hewani. Wasomi walikuwa na desturi ya kupima kitabu ao makala kwa kuangalia ni wasomi wangapi wengine wameitaja, na Eugene Garfield wa Marekani alikuwa amekwisha kutoa orodha kubwa ya mitajo hiyo tangu mwaka wa 1964. Page na Brin walichukua desturi ya wasomi na kuiingiza kwenye intaneti. Hesabu yao waliiita PageRank, jina lenye linamutaja Page mwenyewe na tena neno la Kiingereza la ukurasa, na mwaka wa 1998 wakafungua kampuni ya Google.

Wamama, hesabu hiyo munaijua bila kusoma Stanford. Muangalie likelemba. Mama mugeni anakuja, anataka kuingia. Hakuna mwenye anamuuliza, "Wewe ni mwaminifu?" Bila shaka atasema ndiyo. Tunauliza, "Ni nani anakujua hapa?" Kama mama mwenye ameuza unga sokoni miaka 20, mwenye hajakosa hata zamu moja, anasema, "Huyu ninamujua, nilikaa naye avenii moja," mulango unafunguka. Kama mwenye anamushuhudia ni mutu mwenye aliingia juzi tu, tunasikia, lakini tunangojea kidogo. Na kuko wale watu wa tatu, munawajua, wenye wanamushuhudia kila mupitaji kwa sababu amewanunulia soda. Wakisema "ninamujua", watu wanaangalia pembeni.

Google inafanya vilevile, kwa namba. Ukurasa wenye wengi wa heshima wanautaja unakuwa na uzito, na uzito huo unaupitisha kwa wale wenye unawataja. Lakini unaugawanya. Tuseme, kwa mufano tu, ukurasa uko na uzito wa 100. Ukitaja tovuti 4, kila moja inapata karibu 25. Ukitaja 400, kila moja inapata robo ya moja. Ni kama sufuria ya maharagi: wageni wakiwa wengi, kijiko kinakuwa kidogo. Na hesabu inarudiliwa tena na tena, kwa sababu inafaa kujua kwanza uzito wa mushuhudiaji, na wa mwenye alimushuhudia yeye, mupaka namba zinatulia.

Tangu 1998 hesabu imebadilika sana. Leo Google inaangalia mambo mengi: kama ukurasa unajibu swali la mutu, kama unafunguka vizuri kwenye simu, mwenye kutafuta yuko wapi. Viungo ni kitu kimoja kati ya vingi. Lakini bado viko, na ndiyo maana vimekuwa na soko lake.

Tuzungumuzie soko hilo, kwa sababu ndiko dola 200 zingeenda.

Mutu akijua kwamba ushuhuda unahesabiwa, ataanza kuuza ushuhuda. Wafanyabiashara wa viungo wanatengeneza mamia ya tovuti zisizo na musomaji hata mumoja, zinatajana zenyewe kwa zenyewe, na wanauza nafasi ndani. Mwaka wa 2011, mwezi wa pili, gazeti la The New York Times liliandika juu ya duka moja kubwa la Marekani, J.C. Penney. Katika sikukuu za mwisho wa 2010 duka hilo lilikuwa la kwanza karibu kwa kila kitu chenye mutu angetafuta: nguo za wanamuke, mashuka, mazulia. Waandishi walipochimba, walikuta maelfu ya viungo kwenye tovuti zisizo na uhusiano wowote na nguo wala mashuka. Duka lilisema halikuwa na habari, na likafukuza kampuni yenye lililipa kwa kazi hiyo. Google haikungojea. Kwa mwenye kutafuta sanduku la safari la aina ya Samsonite, saa moja ya jioni J.C. Penney lilikuwa la 1. Saa tatu usiku lilikuwa la 71. Kwa saa mbili tu, wamama! Mboga inachukua wakati kuliko hiyo kunyauka.

Mwaka wenye kufuata, mwezi wa nne wa 2012, Google ilibadilisha hesabu yake kwa makusudi ya kukamata viungo vya namna hiyo, na ikaita badiliko hilo Penguin. Tovuti nyingi zenye zililipia viungo miaka na miaka zilianguka pamoja. Tangu wakati huo mashini inazidi kujifunza. Mara nyingi siku hizi Google haitoi hata azabu. Inaona viungo vya kununua na inavihesabu kuwa sufuri. Feza imeenda, na hakuna kilichobadilika. Mara zingine inatoa azabu kweli, na kujitoa ndani yake ni kazi ya miezi.

Sasa muchukue bei yenye mumepewa na mugawanye: dola 200 kwa viungo 5000 ni senti 4 kwa kiungo kimoja. Ni nani mwenye heshima anawashuhudia kwa senti 4? Shule haiwezi. Gazeti haliwezi. Wenye kubaki ni zile tovuti za kamari na za dawa za uongo, na jina la kikundi chenu litaandikwa katikati yake. Mama mwenye kushona kitambaa cha kufunikia meza ya altare, jina lake likae kule?

Kama munataka kumujaribu kijana kwa upole, mumuombe aandike kwenye karatasi majina ya tovuti 10 kati ya hizo 5000. Kisha mufungue kila moja kwenye simu na mujiulize: mutu mwenye anaweza kununua mufuko wetu anasoma hapa? Mutaona mara moja. Tena mwenye kuahidi nafasi ya kwanza kwenye Google ameahidi kitu chenye hakiko mukononi mwake. Google yenyewe inaonya watu juu ya ahadi hiyo.

Lakini musimufukuze mutoto wetu. Pengine alijifunza hayo kwenye video, anaamini, na anatafuta kazi kama vijana wetu wote. Mumupe kazi ya kweli. Picha zenu zinakula mega nyingi. Azipunguze uzito ili mwenye simu ya bei ndogo asilipe sana kufungua ukurasa. Aandike urefu na upana wa kila mufuko kwa sentimeta. Aandike kwa Kifaransa na Kiingereza pia, kwa sababu mununuzi wa mbali hatafuti kwa Kiswahili. Hiyo inafaa kulipiwa, na si dola 200.

Turudi kwenye viungo vya kweli. Vinatoka wapi? Jibu letu linaweza kuonekana dogo: vinatoka kwa wenye wanawajua tayari. Mukutane siku ya posho na karatasi moja, na muandike kila mutu na kila fasi yenye kikundi kimewahi kufanya kazi. Shule yenye mulishonea nguo. Hoteli ya kando ya ziwa yenye iliweka mifuko yenu pale wageni wanapokelewa. Radio yenye iliwaalika siku ya tarehe 8 mwezi wa tatu. Shirika lenye liliwapatia mashini za kushona, na bila shaka liliwapiga picha. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye alikuja kuwauliza maswali kwa ajili ya kitabu chake. Dada wa Brussels mwenye anachukua mifuko 20 kila mwisho wa mwaka na kuiuza katika duka lake. Kiisha, pembeni ya kila jina, muandike: wako na tovuti? Wametutaja? Wameweka kiungo?

Mutashangaa. Mara nyingi mumekwisha kutajwa, lakini bila kiungo. Shirika limeandika ripoti nzuri, limeandika hata jina lenu, na mwenye kusoma anabaki pale, hana mulango wa kuingilia kwenu. Hapo hamuombi zawadi. Munaomba tu mulango utobolewe kwenye ukuta wenye umekwisha kujengwa. Barua inatosha mistari minne:

"Jambo. Sisi ni kikundi chenye mulitaja katika ripoti yenu juu ya washonaji. Tunawashukuru. Sasa tuko na tovuti. Je, munaweza kuunganisha jina letu na anwani hii, ili wenye kusoma waweze kuona kazi yetu? Tunabaki na heshima."

Atume sekretere, kwa jina la kikundi, na asitume mara tano. Kama hawajibu kisha majuma mawili, amupigie simu mutu mumoja mwenye munamujua ndani. Kwetu mambo mengi yanatengenezwa kwa sauti kuliko kwa barua.

Kuna jambo dogo lenye watu wanasahau: maneno ya kiungo chenyewe. Google inasoma yale maneno yenye mutu anagusa. Kiungo chenye kusema "gusa hapa" kinapeleka mutu, lakini hakisemi anapelekwa kwa nani. Kiungo chenye kusema "mifuko ya kikwembe ya Bukavu" kinasema. Nguvu ya maneno hayo ilionekana mwaka wa 2003, wakati watu wengi walijipatanisha kwa mzaha: waliunganisha maneno yenye maana ya "kushindwa kwa aibu" na ukurasa wa maisha ya Raisi George W. Bush. Mutu akitafuta maneno hayo, wa kwanza kutokea alikuwa Raisi wa Marekani, hata kama ukurasa wake haukuyaandika fasi yoyote. Google ilitengeneza dawa ya muchezo huo mwaka wa 2007. Kwa hiyo, mukiomba kiungo, munaweza kupendekeza jina la kikundi pamoja na kazi yake. Lakini musilazimishe watu wote waandike maneno yale yale. Mashahidi kumi wenye kusema sentensi moja, neno kwa neno, hakimu anajua kwamba walifundishwa.

Njia ya pili ni ndefu, na sisi tunaipenda zaidi. Ni kuandika kitu chenye watu wengine watataka kukitaja bila kuombwa. Muangalie hospitali ya Panzi, hapa hapa kwetu. Ilifunguliwa mwaka wa 1999. Leo magazeti, vyuo vikuu na mashirika ya dunia nzima yanaitaja, na Daktari Mukwege alipewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka wa 2018. Mutu akitafuta habari juu ya kutunza wanamuke wenye kujeruhiwa, anaikuta. Mitajo hiyo ilifuata kazi.

Mutasema, sisi siyo Panzi, sisi tunashona mifuko. Sawa. Lakini ni nani katika dunia anajua kikwembe kuliko ninyi? Munashika kitambaa gizani na munajua kama ni waksi ya kweli ao ya kuigiza. Munajua kipi kinachuja kikifuliwa mara ya kwanza, na namna ya kukifua kisichuje. Hizo akili haziko kwenye kurasa nyingi, zaidi sana kutoka kwa mutu mwenye amekata na kushona. Na kuna majina. Michoro ya vikwembe iko na majina yenye wauzaji wa Afrika waliyapatia wenyewe: "Mon mari est capable", "Si tu sors, je sors", na mengine mengi yenye yanatuchekesha tukiwa wenyewe. Wachapishaji wa Uholanzi, Vlisco wa Helmond, wenye walianza mwaka wa 1846 kwa kuiga vitambaa vya Java, walichapa rangi. Lakini hadisi ya kwa nini mama anavaa kile na siyo hiki siku ya kumukaribisha bibi-arusi wa mutoto wake, hiyo iko kwenu.

Muandike ukurasa mumoja juu ya majina kumi. Picha ya muchoro, jina lake, maana yake, mama anauvaa lini. Musichana wa Ulaya mwenye alizaliwa kule na anatafuta maana ya kikwembe cha bibi yake atakuja. Mwalimu wa chuo cha mitindo ya nguo atakuja. Mwandishi wa gazeti lenye kutafuta habari za mavazi atakuja, na akiandika, atataja alikotoa. Kiungo kimoja cha namna hiyo kinapita vile 5000 vya senti 4, na kitakaa miaka. Wazee wetu wa kikundi, wenye macho hayaone tena sindano, waketi na kijana na wamuhadisie. Hiyo kazi haiombi dola hata moja. Tena tuseme ukweli: kama ninyi hamuandiki, mutu wa mbali ataandika, atakosea, na wote watamutaja yeye.

Katika barua yenu muliuliza pia juu ya kubadilishana: "Tutaje kikundi cha wakulima wa kahawa, na wao watutaje." Kama munafanya kazi pamoja kweli, kwa mufano munawashonea vifuko vya kuwekea kahawa, mutajane bila woga. Chenye Google inakataa ni kubadilishana kusiko na kipimo, watu 50 wenye hawajuani wanatajana ili kila mutu apande. Kipimo chetu ni rahisi: ungekiweka kiungo hicho hata kama Google haiko? Kama ndiyo, kiweke.

Na mukilipa tangazo kwenye tovuti ya gazeti ao ya radio? Hakuna ubaya, tangazo ni tangazo. Lakini kiungo cha tangazo kinapaswa kuwa na alama ndani yake yenye kuambia Google, "Hiki kimelipiwa, usikihesabu." Alama ya kwanza ya namna hiyo ilianza mwaka wa 2005, na mwaka wa 2019 wakaongeza ingine ya matangazo. Viungo vya Facebook kwa kawaida viko na alama ya kwanza, na ujumbe wa WhatsApp Google haiuone hata kidogo. Kwa hiyo musitegemee kwamba kutuma anwani yenu katika makundi 40 ya WhatsApp kutaipandisha. Hata hivyo mutume! Kwa mununuzi wa hapa muji, WhatsApp inaleta watu kuliko Google, na inawaleta leo. Viungo ni kwa ajili ya yule wa mbali mwenye hana namba yenu.

Tumebakiza jambo lenye tungeweza kuanzia nalo. Anwani ya tovuti yenu imeandikishwa kwa jina la nani? Ni nani anashika neno la siri? Anwani inalipiwa kila mwaka, na mwaka wenye haukulipiwa, mutu mwingine anaweza kuichukua. Na kuna watu wanazitafuta kwa makusudi. Wanavizia anwani zenye zilikuwa na viungo vya heshima, za shule, za makanisa, za vikundi vya wanamuke, ili waweke kamari juu ya ushuhuda wa watu wengine. Google ilitoa sheria juu ya hilo katika mwezi wa tatu wa 2024, lakini sheria haitarudisha anwani yenu. Basi, kabla ya kutafuta hata kiungo kimoja, anwani iandikwe kwa jina la kikundi, neno la siri likae kwa mama prezidenti na kwa sekretere, wote wawili, na feza ya mwaka iandikwe katika mupango wa kisanduku kama vile kodi ya nyumba. Na kijana akisema anataka kubadilisha anwani kwa sababu ingine ni nzuri zaidi, mumuulize kama anajua namna ya kuelekeza ile ya zamani kwenye ile mupya. Kama hapana, viungo vyote vyenye muliomba kwa barua na simu vitapeleka watu kwenye mulango wa nyumba yenye imebomolewa.

Kuna chombo cha Google chenye kinaitwa Search Console. Ni cha bure. Kijana wenu anaweza kukifungua kwa dakika chache, na kitawaonyesha ni tovuti gani zinawataja, kwa maneno gani, na watu waliandika nini mupaka wakawafikia. Mukiangalie mara moja kwa mwezi, siyo kila asubuhi. Kiungo chenye kimewekwa leo kinaweza kuchukua majuma ao miezi mbele ya kuonyesha matunda, na mwenye kuchimbua mbegu kila siku kuona kama imeota anajulikana.

Kwa mukutano wa siku ya posho, basi: kisanduku kibaki kimefungwa, karatasi ya majina ijazwe, na sekretere aanze na lile shirika la mashini za kushona, kwa kuwa jina lenu liko tayari mule. Mukikwama kwenye kuandika barua kwa Kifaransa, mulete kwenye biro yetu, tutaisoma pamoja. Na vikundi vingine vyenye viko na tovuti, mututumie anwani zenu kabla ya siku ya nne. Juma lenye kuja tunajibu mama mwenye ameuliza namna ya kupanga bei ya nguo za shule wakati bei ya kitambaa inapanda katikati ya kazi.